Viwanja Vipya vya Michezo vya Nairobi na Sisi Tunaovijenga

(Hotuba ya Katibu wa Tawi katika mkutano wa wanachama wa kazi za ujenzi. Tumeipiga chapa kwa ajili ya wale waliokuwa zamu siku hiyo wasiweze kufika. Ukiisha kusoma, mpe mwenzio.)

Bwana Mwenyekiti, ndugu wa Halmashauri ya Tawi, ndugu wanachama,

Nawashukuru kwa kuacha mapumziko yenu ya Jumapili na kuja hapa. Najua wengine wenu mmetoka Dandora na Kayole kwa miguu, na najua pia ya kuwa saa tisa kuna mpira, kwa hiyo sitawaweka mpaka jua litue.

Jambo la leo ni barua. Yupo mkandarasi mmoja ambaye tumekuwa tukizungumza naye juu ya kazi ya uwanja mdogo wa michezo katika mtaa mmoja wa mji huu. Ameandika kwamba yu tayari kukitambua chama chetu mahali pale pa kazi, lakini kwa sharti moja: tutie sahihi ya kuwa hapatakuwa na mgomo wala kusimamisha kazi kwa sababu yo yote ile mpaka uwanja uishe. Barua hiyo iko mezani kwa Bwana Mwenyekiti. Kabla ya kupiga kura, Halmashauri imeniomba nizungumze kidogo juu ya jambo lenyewe la viwanja: vinapangwaje, vinajengwaje, na sisi tuna mahali gani ndani yake.

Nitaanza na mambo ya zamani kidogo, maana vijana wengi hapa wanadhani kiwanja cha mpira kilianzia Kasarani.

Wazee mnaujua uwanja ulio kando ya Barabara ya Jogoo, ule unaoitwa City Stadium, na ambao sasa una jina la Joe Kadenge, mchezaji wetu mkubwa aliyefariki mwaka 2019. Tazameni mahali ulipo. Pembeni yake ni Kaloleni, ni Makongeni, ni Shauri Moyo, ni nyumba za watu wa reli na watu wa Halmashauri ya Mji. Mtu alitoka kazini Jumamosi, akala, akatembea kwa miguu mpaka mpirani, na mpira ukiisha akarudi nyumbani kwa miguu. Hakulipa nauli hata senti moja. Uwanja ule una sifa nyingi mbaya, vyoo vyake sitaki hata kuvitaja mbele ya akina mama, lakini kwa jambo hili moja, mahali ulipo, nasema hakuna uwanja mwingine Nairobi ulio bora kuliko huo.

Baadaye, mwaka 1983, ukafunguliwa uwanja wa Nyayo, pale penye njia panda ya Barabara ya Uhuru na ile ya Lang'ata. Mtu aliye katikati ya mji afika kwa miguu. Halafu Kasarani, uliojengwa kwa msaada wa Wachina kwa ajili ya Michezo ya Afrika Nzima ya mwaka 1987. Wazee wanakumbuka mwaka ule: tulifika mwisho wa mpira tukafungwa na Misri bao 1 kwa 0. Kasarani ulijengwa kwa watu 60,000. Siku zile ulikuwa mbali na mji, na kwa miaka mingi mtu wa Kibera au wa Kawangware aliyetaka kwenda kuutazama mpira alihitaji matatu mbili kwenda na mbili kurudi, na mchezo ukiisha usiku, Mungu amsaidie. Barabara kuu ya Thika ilipomalizika mwaka 2012 mambo yakawa mepesi kidogo. Lakini ona, ndugu: uwanja ulitangulia na barabara ikafuata baada ya miaka 25.

Tokea hapo mpaka juzi, mji huu uliokua mara nyingi zaidi haukupata uwanja mwingine mkubwa. Ahadi tulipata. Tulinyang'anywa Kombe la Mataifa ya Afrika la mwaka 1996 likaenda Afrika ya Kusini. Tulinyang'anywa mashindano ya CHAN ya 2018 yakaenda Morocco, kwa kuwa viwanja havikuwa tayari. Mwaka 2013 tuliambiwa vitajengwa viwanja vitano vipya nchini, na ninyi wenyewe mwajua mlivyongoja kuitwa kazini. Hata hivi viwili tulivyo navyo vikafungwa ili vitengenezwe, na mwezi wa Juni mwaka 2024 timu yetu ya taifa ilicheza michezo yake ya "nyumbani" huko Lilongwe, Malawi, na baadaye mwaka ule ule ikacheza Kampala. Nyumbani Lilongwe! Mimi niliusikiliza mchezo ule katika redio nikacheka, kisha nikaona aibu.

Sasa mambo yamegeuka. Mwezi wa Septemba 2023 Kenya, Uganda na Tanzania zilipewa kwa pamoja Kombe la Mataifa ya Afrika la 2027, na mwezi wa Machi 2024 kazi ya uwanja mpya wa Talanta ilianzishwa upande wa Jamhuri, karibu na Barabara ya Ngong, mahali ambapo si mbali na Kibera. Huo nao ni wa watu 60,000, na wakandarasi wake ni kampuni ya China Road and Bridge Corporation. Na nyuma ya uwanja mkubwa huja vidogo, viwanja vya mitaa, kama huu ulioletewa barua. Kazi ipo.

Wako ndugu humu ndani, na mmoja wao amekaa mstari wa mbele ananitazama, wanaosema ya kuwa viwanja ni anasa. Husema: watoto wetu wasoma chini ya mabati, hospitali hazina dawa, na ninyi mwataka kujenga mahali pa kupiga mpira. Siwezi kusema wanakosa. Kwa ajili ya Talanta imetolewa dhamana ya shilingi bilioni 44.79, ya miaka 15, iliyoandikishwa katika Soko la Hisa la Nairobi mwezi wa Julai 2025. Chukueni kalamu mgawe dhamana hiyo kwa viti 60,000. Mtapata shilingi 746,500 kwa kila kiti kimoja. Hiyo si zawadi, ni deni, na lina faida juu yake. Mtu akikaa juu ya kiti hicho ajue amekalia pesa ya fundi wa miaka kadha wa kadha.

Lakini mimi nawajibu hivi. Mfanya kazi si punda, ashibe alale. Anataka na furaha yake. Mwezi wa Agosti 2025, CHAN ilipochezwa hapa na watoto wetu wakawafunga Morocco bao 1 kwa 0 Kasarani, mliona mji ulivyokuwa. Kinyozi wangu alininyoa bure. Furaha ile haikuwa ya matajiri peke yao. (Kwamba tulitolewa baadaye na Madagascar kwa penalti, hilo tuliache.) Kwa hiyo mimi sisemi viwanja visijengwe. Nauliza vinapangwa na nani, na kwa hesabu gani. Tukinyamaza sisi tunaovijenga na kuvijaza, watakaohesabu ni wale watakaokaa katika viti vya kitambaa siku ya kwanza tu.

Wenzetu wa nchi nyingine wamekwisha kupita njia hii. Nchi ya Brazil ilijenga viwanja kwa Kombe la Dunia la 2014. Ule wa mji wao mkuu, Brasília, mwaka uliofuata mahali pake pa kuegesha magari pamekuwa pa kulaza mabasi ya abiria. Katika mji wa Manaus, ndani ya msitu wa Amazon, walijenga uwanja wa watu zaidi ya 40,000 katika mji ambao haukuwa na timu ya daraja la kwanza. Mechi za Kombe la Dunia zilizochezwa pale zilikuwa nne. Nne tu, ndugu. Na katika kujenga viwanja vya mashindano yale walikufa wafanya kazi wanane.

Kwa hiyo mtu anayepanga uwanja afaa aanze na swali la siku ya kawaida, wala si la siku ya sherehe. Jumatano mchana, isipokuwapo timu ya taifa, nani atakuwa ndani? Watoto wa shule? Timu ya mtaa? Au mlinzi mmoja na mbwa wake? Mitaa yetu ya Eastlands imepoteza viwanja vingi vya vumbi, ambavyo havikuwa na ukuta wala tiketi, vikachukuliwa kimya kimya na watu wenye karatasi. Uwanja mpya wenye ukuta na kufuli ukiwekwa juu ya kiwanja cha vumbi ambacho vijana mia walicheza kila jioni, hapo mtaa haukuongezewa kitu, umepunguziwa. Katika mazungumzo yetu na mkandarasi hili si letu kulidai, ni la wenye mtaa na Kaunti. Lakini sisi nasi tunakaa mitaa hiyo, na mikutano ya kutoa maoni ikiitwa, twende. Kadhalika mama anayeuza mayai na viazi langoni. Yeye ndiye anayetulisha sisi wakati wa kujenga. Uwanja ukiisha, yeye ndiye wa kwanza kufukuzwa. Yafaa mahali pake pachorwe katika ramani tangu siku ya kwanza.

Sasa nataka kusema juu ya milango, na hapa nitakaa kidogo, maana hii ni kazi ya mikono yetu.

Tarehe 23 Oktoba 2010, siku ya Gor Mahia na AFC Leopards, watu saba walikufa uwanjani Nyayo katika msukumano wa kuingia. Walikwenda kutazama mpira kama mtakavyokwenda ninyi saa tisa. Tarehe 24 Januari 2022, huko Yaoundé, Cameroon, katika uwanja mpya kabisa wa Olembe, walikufa watu wanane mlangoni. Mkubwa wa mpira wa Afrika alisema baadaye ya kuwa lango lililopaswa kuwa wazi lilikuwa limefungwa. Uwanja mpya, rangi haijakauka vizuri, na watu wakafa kwa sababu ya lango. Na hapa kwetu, wakati wa CHAN ya 2025, watu wasio na tiketi walipovunja na kuingia Kasarani, wakubwa wa mpira wa Afrika walitoa amri wasiingie zaidi ya watu 27,000 katika michezo ya Kenya.

Waingereza, ambao walipoteza watu 97 kwa ajali ya Hillsborough ya mwaka 1989, wana kitabu cha usalama wa viwanja ambacho nchi nyingi hufuata. Hesabu yake si ngumu. Katika njia iliyo sawa, upana wa mita moja hupitisha watu 82 kwa dakika moja. Katika ngazi, watu 66. Na uwanja wote sharti watu waweze kuondoka katika viti vyao na kutoka kwa muda usiozidi dakika 8. Basi kila mita ya mlango hutoa watu 656 kwa dakika hizo 8. Chukua watu 60,000 ugawe: wahitaji zaidi ya mita 91 za milango iliyo wazi. Kama wote wanapita ngazi, wahitaji kama mita 114. Ukifunga lango moja la mita 6 kwa sababu askari hakuja na ufunguo, watu 3,900 na zaidi hawana njia kwa dakika zile.

Kwa nini nawaambieni ninyi, mafundi, hesabu ya wachora ramani? Kwa sababu nimewahi kuona mwenyewe ramani inasema ngazi ya upana huu, na msimamizi wa kazi anakuja asubuhi na kusema, "Fundi, punguza kidogo hapa, tunataka nafasi ya chumba cha kuuzia vinywaji." Na fundi anapunguza. Anasema, mimi ni nani, nimeambiwa. Ndugu, punguza kidogo hapa, punguza kidogo pale, na mwisho wake watu wanapimwa kwa jeneza. Fundi ajue kipimo cha ramani, na akiambiwa apunguze, aombe karatasi yenye sahihi. Mara nyingi ukiomba sahihi, ile nia ya kupunguza huisha yenyewe.

Na jambo jingine ni udongo na haraka. Nairobi ina udongo wa namna mbili, ninyi mwajua kuliko mimi. Upande wa magharibi na kaskazini ni mwekundu, upande wa mashariki ni ule mweusi. Udongo mweusi ukinywa maji huvimba, ukikauka hupasuka mpaka mkono unaingia. Ukiweka msingi juu yake, ukuta utatembea. Hapana budi uchimbwe wote uondolewe, au msingi ushuke mpaka kwenye mwamba, na jambo hilo lina gharama ambayo haionekani. Hakuna mkubwa anayekata utepe kwa ajili ya shimo. Kwa hiyo mahali pa kwanza panapoibiwa katika uwanja ni chini, ambapo wapiga picha hawafiki.

Halafu zege. Zege lina saa yake, wala halijui tarehe ya sherehe. Sharti limwagiwe maji siku saba lisikauke upesi, na nguvu yake huhesabiwa kwa siku 28. Lakini uwanja wa michezo daima una tarehe: timu zinakuja siku fulani, Rais anakuja siku fulani. Kandarasi ikichelewa kuanza kwa sababu ya makaratasi ya ofisini, siku zile zilizopotea ofisini hutafutwa kwetu sisi. Ndipo mbao huvuliwa kabla ya wakati, ndipo watu hufanya kazi usiku kwa taa mbovu, ndipo kijana asiyejua jukwaa hupandishwa juu katika mvua ya Aprili. Katika maisha yangu sikuona ajali kubwa katika mwezi wa kwanza wa kazi. Nimeziona katika mwezi wa mwisho.

Nakuja sasa kwa barua yenyewe, na hapa sharti niseme jambo ambalo si la kunisifu.

Miaka mingi iliyopita, nikiwa mwakilishi wa wafanya kazi mahali pamoja, tulikuwa tunatengeneza upya majukwaa ya watazamaji katika uwanja mmoja hapa Kenya. Mwenye kazi alileta barua kama hii. Hakuna kusimama mpaka mwisho, naye atatupa chai na nyongeza kidogo ya mshahara. Mimi ndiye niliyesimama mbele ya watu nikasema tutie sahihi. Nilisema ni heshima ya nchi. Nilisema wageni wanakuja. Tukatia sahihi.

Juma la sita tukaona mbao za jukwaa la kazi zimechoka. Nikaenda kwa msimamizi, akanionyesha ile karatasi yangu mwenyewe. Juma la nane kijana mmoja, kibarua, mtoto wa watu, alianguka kutoka juu akavunjika nyonga. Tulipokwenda kudai fidia, tukaambiwa jina lake halimo katika daftari. Aliandikwa kazi na mtu wa kati, aliyeletwa na mtu wa kati mwingine, na huyo wa mwisho simu yake haikupatikana tena. Yule kijana alipewa nauli ya kwenda kwao. Hashiki tena mwiko. Mama yake alinijia nyumbani, hakunitukana, aliketi tu, akanywa chai, akaondoka. Ningependa angalinitukana.

Kwa hiyo mtaona ya kuwa mimi si mtu wa kupenda barua hizi. Lakini vile vile siwadanganyi: tukikataa moja kwa moja, mkandarasi aweza kwenda langoni kesho akachukua watu mia wasio na chama, na ninyi wenye watoto mtakaa nyumbani na heshima yenu. Njia ni kujibu, si kukataa tu.

Sheria iko upande wetu kuliko wengi wanavyofikiri. Sheria ya Kazi ya 2007 yasema kibarua aliyefanya kazi siku mfululizo zipatazo mwezi mmoja, au aliyepewa kazi ambayo haiwezi kumalizika kwa muda wa chini ya miezi mitatu, ahesabiwe kuwa ni mtu wa mshahara wa mwezi. Ni uwanja gani unaojengwa kwa chini ya miezi mitatu? Sheria ya fidia, ya mwaka ule ule, yasema mtu akilemaa kabisa alipwe mshahara wa miezi 96. Miezi 96 ni miaka minane! Yule kijana alipata nauli. Na sheria ya usalama kazini yasema penye watu 20 au zaidi iwepo kamati ya usalama yenye wajumbe wa wafanya kazi. Na chama kikiwa na zaidi ya nusu ya wafanya kazi wanaostahili kuwa wanachama, mwenye kazi sharti akitambue. Basi kutambuliwa si zawadi ya kununuliwa kwa kuuza haki ya mgomo. Tukiandikisha watu zaidi ya nusu, ni lazima yake.

Mwezi wa Julai 2009, mwaka mmoja kabla ya Kombe la Dunia, wafanya kazi wa ujenzi kama 70,000 wa Afrika ya Kusini waliweka vifaa chini. Waliambiwa maneno yale yale: mnaaibisha nchi, mnaaibisha Afrika, mashindano yatahamishwa. Walikaa nje karibu juma moja, wakarudi na nyongeza ya asilimia 12, na viwanja vikaisha, na kombe likachezwa. Tena huko Qatar, nchi ambayo haikuwa na vyama vya wafanya kazi wa kigeni, chama cha kimataifa cha watu wa ujenzi na mbao kilipatana na wakubwa wa Kombe la Dunia mwaka 2016, wakaguzi wake waingie katika viwanja pamoja na wakaguzi wa wenyeji. Mambo yaliyotokea Qatar nje ya viwanja yalikuwa mabaya, na wako Wakenya waliokwenda huko wanaoweza kuwasimulia. Lakini nauliza: ikiwa mlango wa ukaguzi ulifunguliwa Doha, utafungwaje Nairobi?

Maoni ya Halmashauri ya Tawi, basi, ni haya. Tumjibu mkandarasi ya kuwa sisi tuko tayari kuahidi amani juu ya mshahara kwa muda wa mapatano, maana tukiisha kupatana mshahara ni haki tuushike. Lakini juu ya hatari hatuahidi kitu. Jukwaa likiwa bovu, watu watashuka, na kushuka huko kusiitwe mgomo. La pili, na kwangu hili ndilo kubwa kuliko yote, ni daftari. Kila mtu anayeingia lango lile asubuhi, awe ameletwa na mkandarasi mwenyewe au na mtu wa kati wa kumi, jina lake liandikwe katika daftari moja, na mwakilishi wetu apewe nakala kila Jumatatu. Asiye katika daftari asipande juu. Na fidia ya wote hao iwe juu ya mkandarasi mkubwa, si juu ya simu isiyopatikana. Tena kamati ya usalama iwe na watu wetu waliochaguliwa na ninyi, si walioteuliwa na msimamizi kwa kuwa wanamchekea. Juu ya kazi ya usiku tumeandika ilipwe kama sheria ilivyo na taa zipimwe kwanza. Hayo mengine, chai na viatu na maji ya kunywa, mtayasoma katika karatasi, sina haja ya kuyarudia.

Nimeulizwa na ndugu mmoja kabla ya mkutano: akikataa daftari, je? Nasema, akikataa daftari amekwisha kutuambia ni watu gani anaotaka kuwaficha. Hapo tutakuja tena hapa, nami nitaomba kura nyingine, ambayo leo siiombi.

Wale wenye kadi ambazo hazijalipiwa miezi hii mitatu wajue hawana kura, nasikitika, hiyo ndiyo katiba yetu. Mweka Hazina ameketi karibu na mlango, na bado kuna nafasi ya kulipa kabla ya kuhesabu mikono.

Bwana Mwenyekiti, barua ni ile iliyo chini ya kopo la wino, na jibu letu liko juu yake. Naomba lisomwe lote, polepole, kisha watu wapige kura.